Mama wa Reli Aliyetoka Kwenye Kadi

Kabla sijaanza nikuombe kitu kimoja: usiniambie kwamba haya nimeyatunga. Nimeshaambiwa hivyo na mama yangu mzazi, nimeambiwa na pasta, na nimeambiwa na rafiki yangu ambaye siku ile alikuwa amesimama bega kwa bega na mimi, akiona kila nilichokiona. Leo anasema hakuona kitu. Kwa hivyo nimebaki na jambo hili peke yangu, na naona na mimi limeanza kuniponyoka. Ndiyo maana nalisimulia sasa.

Lilitokea Voi, mchana kweupe. Watu husema mambo ya ajabu hupenda giza. Nani aliwaambia? Saa saba ya mchana, mabati yakilia kwa joto na mbwa wamelala chini ya malori, ndiyo saa ninayoiogopa mpaka leo.

Tulikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa, marafiki watatu. Wakesho alikuwa msichana wa kilimani Sagalla, akishuka kila alfajiri kwa bodaboda, na asipoipata anashuka kwa miguu. Alikuwa mtu wa sheria. Tukicheza chochote, yeye ndiye refa. Otieno alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, akikaa na babake kwenye zile nyumba za zamani za reli zenye kuta nene. Kwao ni Siaya, lakini alizaliwa Voi, na Kidawida, lugha ya Wataita, alikisema vizuri kuliko mimi mwenye babu Mtaita wa Mbololo. Wa tatu ni mimi, binti ya muuza mboga.

Mamake Otieno aliitwa Risper. Alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine, kwenye kibanda kilichopakana na cha mama yangu sokoni. Wawili hao walikalia benchi moja na kunywa chai ya chupa moja kwa miaka. Sweta yangu ya kwanza ya shule aliifuma yeye. Alifariki Otieno akiwa darasa la sita. Aliugua wiki mbili tu. Mama yangu alipanda basi kumsindikiza mpaka Siaya, akarudi miguu imevimba, na kwa miezi hakuruhusu mtu mwingine akalie upande ule wa benchi. Nayasema haya mapema ili ujue: Risper alikuwepo, na Risper alikufa. Mimi nilirusha ua juu ya sanduku lake lilipokuwa likipakiwa kwenye gari.

Sasa, mchezo. Kulikuwa na vijana wa darasa jingine waliokuwa na kadi za dukani, zenye majoka na wachawi wa Kizungu. Hawakuturuhusu hata kuzishika. Wakesho akasema, "Kwani joka la kwao lina nini? Tutengeneze zetu." Tukaomba katoni za sabuni dukani, tukazikata kwa wembe. Otieno akachora. Wakesho akaandika. Mimi nikapaka rangi na kuweka kadi zote kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Mchezo tukauita Ufalme wa Vumbi.

Sheria zilikuwa rahisi. Kila kadi ilikuwa na mtu au mnyama, na chini yake mstari mmoja wa Wakesho, unaosema anachotaka. Ukiilaza kadi mezani, huyo "ametoka." Atazunguka katika mchezo mpaka mtu ampe anachotaka. Akishakipata anarudi kwenye mkebe. Basi, ni hivyo tu.

Alhamisi moja Wakesho alimtoa Fisi Mwenye Kengele, ambaye anataka mfupa wenye nyama. Ijumaa mchana vijana wa bodaboda pale steji walikuwa wanagombana. Mmoja anaapa kwamba fisi amevuka barabara ya Mwatate saa nne ya asubuhi, kengele inalia shingoni, akaenda nyuma ya bucha, akachukua mfupa na kuondoka zake. Mwingine anamwambia alikuwa amelewa. Sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tuliona ni bahati tu.

Jumatatu iliyofuata mimi nikatoa Mvua ya Upande Mmoja, ambayo inataka kushukuriwa. Jumanne mvua ilinyesha kando ya soko, upande wa kushoto wa barabara peke yake. Upande wa kulia vitunguu vilikuwa vikavu juu ya magunia. Mama mmoja akainua mikono akasema, "Asante, Baba," na mvua ikakatika kama mfereji uliofungwa. Sawa, Voi mvua ya namna hiyo si habari ya kuandika gazetini. Lakini mara hii hatukucheka. Tuliangaliana tu.

Ungedhani tungeacha. Mtu mzima angeacha. Sisi tulikuwa na miaka kumi na tano.

Jumatano, kabla ya somo la nne, Otieno akaja na kadi aliyoichora peke yake nyumbani. Kawaida alichora wanyama. Hii ilikuwa na mwanamke aliyesimama karibu na reli, kitambaa kichwani. Kalamu ya kijani ilikuwa imemwishia kiunoni, kwa hivyo gauni lilikuwa kijani juu na bluu chini. Na viatu vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto.

"Huyu akitembea atazunguka tu kama tiara," nikamwambia. Otieno hakucheka.

Wakesho akachukua biro. "Anaitwa nani?"

"Mama wa Reli."

"Anataka nini?"

Otieno akamsogezea kadi. "Andika anamtafuta mtoto wake."

Wakesho akaandika: *Anamtafuta mtoto wake*. "Mtoto yupi? Lazima tuseme ni yupi, la sivyo mchezo hautaisha." Kengele ikalia, mwalimu wa hesabu akaingia na rula yake ndefu. Otieno akailaza kadi juu ya dawati, uso juu.

"Ametoka," akasema.

Saa saba nikaenda nyumbani kula, kama kawaida, kwa njia inayokata reli ya zamani. Vumbi letu unalijua lilivyo jekundu, linashika nyayo kama unga. Nilikuwa natembea nimeinamisha kichwa kwa ajili ya jua, nikaona alama za viatu mbele yangu. Kushoto. Kushoto. Kushoto. Nilifikiri ni mtu anayeruka kwa mguu mmoja. Lakini alama zilikuwa mistari miwili, zimepangana kama za mtu anayetembea vizuri. Niamini, nilisimama nikazihesabu kwa kidole.

Nilipoinua kichwa nikamwona. Amesimama karibu na reli, hatua kumi kutoka kwangu. Gauni kijani juu, bluu chini, na mpaka wa rangi haukuwa mshono. Ilikuwa ni michirizi, ile michirizi ya kalamu inayokauka. Sura yake ilikuwa ya upole. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu ilikuwa ni sura ambayo ukiacha kuitazama huwezi kueleza ilikuwaje.

"Mtoto wangu umemwona?" akaniuliza.

Nikasema, "Shikamoo." Si ndiyo tunafundishwa? Mtu mzima unamwamkia.

Hakuitikia. "Mtoto wangu umemwona?"

"Mtoto wako ni nani, mama?"

Akafikiri. Nilimwona akifikiri kabisa, kama mtu anayepekua mfuko ambao hauna kitu. "Sijui," akasema. "Namtafuta."

Kisha akageuka aende zake, nikaona mgongo. Mgongoni hakukuwa na kijani wala bluu. Kulikuwa na rangi ya kahawia ya katoni, na maandishi makubwa meusi yaliyokatwa mwisho: WEKA MAHALI PAKAV. Wanawake wawili waliokuwa wakitoka sokoni walipishana naye. Mmoja akasema, "Leso za siku hizi zina majina ya ajabu," na mwenzake akacheka. Wakaendelea na safari yao.

Mimi sikula siku hiyo. Nilirudi shule mbio, nikamkuta Wakesho chini ya mti wa mwarobaini akitafuna mahindi yake. Nikamweleza nikiwa nahema. Akaniuliza kuhusu viatu. Nikamwambia. Akaniuliza kuhusu mgongo. Nikamwambia. Akafungua daftari lake, alimokuwa ameificha kadi ya Mama wa Reli mwalimu asiione, akaigeuza nyuma. WEKA MAHALI PAKAV. Hatukuwa tumewahi kuangalia nyuma.

"Otieno yuko wapi?" akaniuliza.

Tukaenda getini. Soja wa shule, mzee mmoja mcheshi wa Mwatate, akatuambia Otieno ametoka na ruhusa. "Mamake alikuja kumchukua. Nimemwandika kitabuni."

"Mzee," Wakesho akasema, "Otieno hana mama."

Yule mzee alikasirika kweli. "Wewe msichana, usimchezee mzazi wa mwenzako namna hiyo. Mimi namjua Mama Otieno tangu mmezaliwa."

Sasa niambie, mtu ungefanya nini? Ungemwendea mwalimu na kadi ya katoni? Tulikaa darasani mchana mzima bila kusikia hata neno moja, na saa kumi ilipogonga tulikimbia mpaka nyumba za reli.

Mlango ulikuwa wazi. Kulikuwa na harufu ya samaki wadogo wa omena wa kukaanga na nyanya. Yule mwanamke alikuwa ameinama kwenye jiko la makaa akisonga ugali, na Otieno amekaa kwenye kigoda, karibu kabisa naye, anakula omena kwa mkono wa kulia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshikwa. Mwanamke alikuwa akisonga kwa mkono mmoja ili asimwachie.

"Karibuni," Otieno akasema, kama kwamba ni siku ya kawaida. Macho yalikuwa mekundu lakini alikuwa anatabasamu. Tangu darasa la sita sikuwa nimemwona akitabasamu vile.

"Otieno, toka hapo," Wakesho akasema.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Yule mwanamke akatutazama. "Mtoto wangu nimempata," akasema. Ilikuwa ni mara ya kwanza kumsikia akisema jambo ambalo hatukumwandikia, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. Nakuambia ukweli, moyo wangu ulishindwa kuchagua upande.

Wakesho akanivuta mpaka nje ya mlango. Alikuwa ameshika kadi. "Angalia."

Pembeni ya yule mwanamke kwenye kadi, mahali ambapo hapakuwa na kitu, kulikuwa na vidole. Vidole vitano vidogo vya kijani, vimeshikwa na mkono wake. Tulipokuwa tunaangalia, kiganja kikaja. Halafu kifundo cha mkono. Ilikuwa ni wino wa kijani, ule uliokuwa umemwishia Otieno.

"Sheria," Wakesho akasema. "Akipata anachotaka anarudi kwenye mkebe. Na anarudi na alichokipata."

Nikaingia ndani mbio, nikaushika mkono wa kushoto wa Otieno juu ya kifundo. Sitasahau. Ulikuwa mkavu na mwepesi, hauna joto wala baridi, kama kushika daftari.

"Otieno, mkono wako unausikia?"

"Uko sawa," akasema. Lakini hakuutazama.

"Tuichome," Wakesho akasema, na kweli akausogelea moto.

Otieno akasimama kwa mara ya kwanza. "Wakesho, tafadhali. Mnataka nimzike mara ya pili?"

"Huyu si mamako! Sura hii si ya mamako, mimi nilimwona mamako akiwa hai, na wewe unajua!"

"Najua!" akapaza sauti. Kisha akaishusha. "Najua si yake. Mnafikiri sikujaribu? Nilikaa na karatasi wiki nzima. Sura ilikuwa imeshanitoka. Nakumbuka kitambaa, nakumbuka gauni la kijani, nakumbuka alikuwa akinisubiri pale kwenye reli nikitoka shule. Uso siukumbuki. Nikachora niliyebaki naye."

Yule mwanamke aliendelea kusonga ugali taratibu, na kwa mkono mwingine amemshika.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo. Ni nani huyu? Ni mtu wa katoni tu? Au ni Risper mwenyewe, vile alivyobaki kichwani mwa mtoto, nusu kijani nusu bluu? Mimi sijui, na nimekuwa na miaka mingi ya kufikiri.

Wakesho akaniangalia. Kwenye kadi mkono ulikuwa umefika kiwiko. Aliinyoosha kadi juu ya makaa, Otieno akapiga ukelele, na mimi nikampokonya. Sikupanga. Nilikuwa na biro ya bluu mfukoni. Nikaiweka kadi ukutani, na chini ya mstari wa Wakesho nikaandika: *Akimpata, anakaa naye hapa hapa*.

Wino wa kijani ukaanza kurudi nyuma. Kiwiko, kifundo, vidole. Otieno akashtuka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, akauvuta mkono wake kifuani, akausugua. Ulikuwa na damu tena. Na yule mwanamke hakuwa kwenye picha. Nilikuwa nimeshika kipande cha katoni chenye reli na mistari miwili ya maandishi.

Alikuwa amesimama mbele yetu, akijipangusa jasho kwa upindo wa gauni. Kabla ya hapo hakuwa na jasho. Nilitazama miguu yake. Kiatu cha kushoto, kiatu cha kulia.

"Mtakula?" akatuuliza. "Ama mama zenu wamepika?"

Tukiwa bado tumeduwaa, babake Otieno akaingia kutoka kazini. Nilimwona akisimama mlangoni na buti moja mkononi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Akakaa hivyo muda, akimtazama. Wakesho aliniumiza mkono kwa kunishika. Kisha uso wa mzee ukalegea.

"Mama Otieno," akasema, "maji ya kuoga yako?"

"Yako bafuni," akajibu. "Nimekuwekea."

Niliondoka pale nikijiambia nimefanya jambo jema. Nimemwokoa rafiki yangu, na mama amempata. Nilitembea mpaka sokoni nikikaribia kuimba. Nikamkuta mama yangu akifunga kibanda.

"Mama," nikamwambia, "unamkumbuka Mama Otieno?"

"Kumkumbuka vipi? Si alikuwa hapa asubuhi, tumekunywa chai."

"Yule aliyekufa, Mama. Risper. Ulienda kumzika Siaya."

Mama aliacha kufunga gunia. Alinitazama kwa hasira, halafu kwa hofu. "Usimtabirie mtu kifo. Ni nani amekufundisha maneno hayo? Mimi Siaya sijawahi kufika maishani mwangu."

Mama yangu, ambaye miguu yake niliikanda kwa maji ya chumvi aliporudi kutoka mazishini.

Wakesho alikumbuka pamoja na mimi kwa mwezi mmoja hivi. Tulikuwa tukikaa chini ya mwarobaini na kurudia, "Risper, mashine ya kufuma, kitambaa cheupe." Asubuhi moja nikaanza kurudia, naye akaniuliza, "Risper ni nani? Yule wa kidato cha kwanza?" Nilidhani ananitania. Nikamtajia kadi, fisi, mvua. Mvua aliikumbuka. Akasema mvua ya upande mmoja ni kawaida Voi.

Na usifikiri yule mwanamke ni mbaya. Laiti angekuwa mbaya! Babake Otieno aliugua malaria mwaka uliofuata, naye ndiye aliyemwuguza siku kumi bila kulala. Kibanda cha kufuma sweta ni chake sasa, na anafuma vizuri. Mama yangu akikosa mauzo, yeye humletea unga. Nikipita pale huniita, "Binti yangu, mbona umekonda?" Naitika. Namwamkia. Kisha narudi nyumbani nikiwa na uzito ambao siwezi kumweleza mtu. Kuna mwanamke aliyewahi kuishi, akapika, akacheka, akafuma sweta za mji mzima, na mimi kwa mstari mmoja wa biro nimewafanya watu wote wamsahau. Nilimwonea huruma mtoto. Je, yule mama nani alimwonea huruma?

Otieno sasa anasomea ufundi wa umeme Mombasa. Desemba iliyopita alinipitia nyumbani, tukakaa barazani. Alikuwa na jambo. Alilizunguka sana kabla ya kulisema.

"Kule Siaya," akaanza, "nyuma ya nyumba ya babu kuna kaburi. Halina jina. Nyanya anasema ni la mgeni aliyefia pale zamani, hata hamkumbuki. Lakini mimi kila nikienda nalifagia. Natoa majani, napanga mawe. Safari hii nikajikuta nalia pale kama mtoto. Sasa, nalilia nani?"

Nilikuwa nimengoja swali hilo kwa miaka. Nikamweleza yote, tangu katoni za sabuni mpaka biro ya bluu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakubisha hata mara moja. Nilipomaliza akaniomba nimtajie tena jina. Nikamtajia. Akalirudia mwenyewe polepole, mara tatu, machozi yakimtoka.

Simu yake ikalia. "Ndiyo, Mama," akasema. "Niko hapa kwa kina rafiki yangu. Nitakula nyumbani. Haya, Mama." Akakata. Akajipangusa uso kwa kiganja, akakitazama kiganja kilicholowa, akashangaa.

"Samahani," akaniambia. "Tulikuwa tunaongea nini?"

Sikumwambia tena. Ningemwambia mara ngapi?

Na sasa zamu imenifikia mimi. Wiki iliyopita nilikumbuka, bila kutafuta, siku niliyopimwa sweta ya darasa la kwanza: mkanda wa kupimia shingoni, vidole vyenye joto, sauti ikiniambia nisimame wima. Aliyekuwa akinipima ni Mama wa Reli. Kumbukumbu ni safi kabisa na ni tamu, na najua ni ya uongo. Nikijaribu kuileta sura ya Risper haiji.

Basi sikiliza, wewe unayenisoma. Ule mkebe tuliuacha kwenye dawati la Wakesho. Madawati yalipobadilishwa shuleni, yale ya zamani yaligawanywa, mengine yakauzwa kama kuni, na mkebe haukuonekana tena. Ndani mlikuwa na kadi zaidi ya thelathini. Ukiwa Voi, Mwatate au popote, ukaokota kadi ya katoni iliyochorwa kwa kalamu, usiilaze mezani uso juu. Ukikuta sentensi haijamalizika, usiimalizie, hata ukiona huruma. Huruma ndiyo iliyonifikisha hapa.

Na kama kuna mtu wako aliyetangulia, muulizie kwa waliomjua wangali hai. Liandike jina lake mahali. Mimi nimeliandika la Risper kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia yangu, na kila asubuhi hulisoma kwa sauti kabla sijatoka kitandani. Jana nililisoma kama kawaida. Kisha nikakaa pale ukingoni mwa kitanda, Biblia magotini, nikijiuliza, kwa dakika nzima, kwa nini nimeandika jina la mtu nisiyemjua.